Karatasi Chini ya Kiti cha Nyuma

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa duka la chakula cha mifugo pale Marlow, Indiana, katikati ya tangazo la watoto wa paka na lile la mkutano wa akina mama wa kanisa. Mwandiko ulikuwa unatetemeka: "Natafuta mtu mwaminifu wa kulikagua gari la marehemu mume wangu kabla sijalipeleka kwa fundi. Dunmore Rattler ya mwaka 1970. Liko ghalani. Bi Arvilla Kreider, Barabara ya Kinu."

Royce Tackett alilisoma mara moja tu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akalibandua, akalikunja vizuri na kulitia mfukoni. Watoto wa paka akawaacha.

Kila mwenye mama mzee anayeishi peke yake asome hapa polepole. Ukiandika neno "mwaminifu" mlangoni kwa watu, wa kwanza kulisoma ni mwizi. Hao waaminifu saa hizo wako kazini.

Rattler zilitengenezwa nyingi, lakini zenye injini kubwa zilikuwa themanini na tatu tu, na injini kubwa mtu yeyote anaweza kuichomeka baadaye. Namba ya chesisi haisemi chochote. Kinachosema ni karatasi moja ya kiwandani, ile ambayo wafanyakazi walikuwa wakiifuata wanapounda gari, na wakimaliza wanaisokomeza popote, mara nyingi kwenye springi za kiti. Gari lenye karatasi hiyo huuzwa bei ya nyumba nzuri. Lisilokuwa nayo ni chuma chakavu chenye kelele.

Royce alikuwa anayajua haya yote. Ndiyo maana alikuwa hatari. Mwongo asiyejua kazi humalizwa na swali moja, lakini huyu alikuwa na elimu kamili, tena aliipata kihalali. Angekuwa mtu mzuri, angekuwa hazina ya kaunti nzima.

Alifika kwa Bi Arvilla asubuhi, kavaa tai, na glovu nyeupe kama za mpambe wa harusi. Mkononi alikuwa na lenzi na kioo kidogo kilichofungwa kwenye kijiti.

"Shikamoo mama. Nimesikia una mgonjwa ghalani."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa ana kutu mpaka kwenye mbavu." Bi Arvilla alikuwa na miaka sabini na minane, mwembamba, miwani mizito kama vitako vya glasi. "Hobart wangu alilinunua kabla hatujaoana. Lilikuwa rangi ya zambarau iliyoiva, mwanangu, mpaka unatamani kulilamba. Sasa daktari wa macho kanipa miaka miwili, halafu basi. Nataka niione rangi ile tena kabla sijabaki na giza. Lakini fundi wa bodi anataka dola elfu arobaini, na sijui kama gari lenyewe linastahili."

"Umefanya la maana kuniita kwanza," alisema Royce, ambaye hakuitwa.

Alizunguka gari kwa heshima zote. Akamulika riveti za bamba la namba, akaguna. Akaingiza kioo chini ya injini, akaguna tena, mguno mrefu zaidi. Kisha akaomba kahawa.

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa, mama. Tena usiharakishe."

Alipobaki peke yake alikinyanyua kiti cha nyuma, akapenyeza mkono kwenye springi za upande wa dereva, na vidole vikagusa karatasi. Upande wa mbele maandishi ya kiwanda yalisomeka vizuri kabisa: injini kubwa, zambarau, namba ileile ya chesisi. Nyuma kulikuwa kweusi kwa grisi. Akaitia ndani ya shati, karibu na moyo, mahali ambapo kwa watu wengine hukaa dhamira.

Bi Arvilla aliporudi na kahawa, Royce alikuwa amevua glovu na kuinamisha kichwa kama mtu wa mazishi.

"Mama, keti kwanza."

"Nilisimama siku nilipomzika Hobart, nitasimama na hapa. Sema."

"Gari lako ni feki."

Kuku mmoja alipita mlangoni, hakuna aliyemjali.

"Feki namna gani?"

"Lilikuwa Rattler ya kawaida, mtu akaitia injini kubwa. Marehemu aliingizwa mjini, mama. Usimlaumu, hata maprofesa huingizwa."

"Umetazama chini ya kiti cha nyuma?"

"Springi moja moja."

"Hata upande wa dereva?"

"Hasa upande wa dereva. Hakuna kitu, mama. Panya hata hawajazaa humo."

Bi Arvilla alivua miwani, akaifuta kwa aproni, akaifuta tena. Alipoivaa sauti yake ilikuwa tamu kuliko mwanzo.

"Basi niandikie, mwanangu. Mimi kichwa kinasahau. Uandike na hiyo ya springi. Na upande wa dereva uutaje. Na bei yake likiwa hivyo feki, nisije nikamdhulumu mtu."

Sasa Royce alikuwa na udhaifu mmoja, nao ulikuwa mihuri. Alikuwa nayo mitatu, mmoja una picha ya ndege tai, na ulikuwa umepita mwezi mzima hajaombwa cheti na mtu. Akakaa kwenye meza ya jikoni, akaandika cheti cha kurasa mbili: amekinyanyua kiti cha nyuma, amekagua springi zote za upande wa dereva, karatasi hakuna, gari si halisi, thamani yake dola elfu sita na mia nne. Akaweka tarehe. Akagonga mihuri yote mitatu, pa, pa, pa, akatia sahihi yenye mkia.

"Na lingekuwa la kweli ingekuwaje?" aliuliza Bi Arvilla akimkatia kipande cha pai ya krimu.

"Aa, hapo ni mambo mengine," alisema Royce mdomo umejaa. "Mnunuzi wa maana hanunui kutu. Kwanza unanyoosha bodi, unapiga rangi ileile ya kiwandani, unafufua injini. Ndipo unalipeleka mbele ya klabu ya Rattler kwenye maonyesho ya kaunti, waliandike daftarini. Hapo mama unataja bei na mtu anaomba kalamu."

"Kumbe," alisema Bi Arvilla. "Ongeza pai."

Baada ya siku mbili alikuja binamu yake Royce, Merle, amevaa ovaroli na huzuni ya kuazima. Alisema babake alikuwa na Rattler, akafa, naye anatafuta tu kitu cha kumkumbuka, hata kiwe feki.

"Nani kakwambia ni feki?"

Merle akameza mate. "Nimekisia, mama."

"Una masikio kama ya yule mkaguzi."

"Kaunti nzima tuna masikio haya, mama. Ni maji ya visima."

Akamlipa dola elfu sita na mia nne ndani ya bahasha. Bi Arvilla akasaini kadi ya gari, akasimama kwenye ngazi za baraza mpaka lori la kuvuta lilipopotea. Lile lilikuwa gari pekee la Hobart, na alikuwa amewapa wezi wawili.

Miezi iliyofuata Royce alikuwa mtu wa imani. Tayari alikuwa na mnunuzi, daktari wa meno aitwaye Hostetter, ambaye hakuwa na mapenzi yoyote na magari, ila jirani yake alikuwa na Rattler na yeye alikuwa hapati usingizi. Hostetter aliahidi dola laki moja na tisini elfu, kwa sharti gari ling'ae na klabu iliandike. Basi Royce akauza mashua yake. Akauza nyumba yake ya magurudumu. Mwisho akauza hata pikapu, akawa analala kwenye kochi la Merle na kumsikia Merle akikoroma hadi alfajiri. Fedha yote ikaenda kwenye bodi, injini na rangi.

"Ukipiga hesabu ya laki na tisini," alimwambia Merle, "hata kukoroma kwako ni muziki."

Ile karatasi aliiweka kwenye fremu ya kioo siku ileile ya kwanza, maana ilikuwa kavu kama jani. Hakuigeuza. Nyuma si ni grisi tu?

Agosti ikafika, na maonyesho ya kaunti. Kwenye meza ya klabu alikaa Gene Wysocki, mtunza daftari, mzee aliyefunga viti vya Rattler kiwandani miaka thelathini na moja. Gari liliingia linanguruma, zambarau tupu, watu wakaacha sandwichi zao hewani. Hostetter alikuwa tayari ameshika kalamu.

"Zuri," alisema Gene. Akafungua daftari. "Tatizo ni kwamba hili tunalo humu, limeandikwa feki. Cheti kililetwa hapa na Bi Arvilla. Ni mwanachama, hakutaka jina la mumewe likae na gari la uongo." Akainua kurasa mbili zenye mihuri mitatu. "Mkaguzi ni wewe, Royce."

"Wewe?" aliuliza Hostetter.

Royce alicheka. Mtu mjanja hucheka kwanza, sababu huitafuta baadaye. "Nilikosea, mzee Gene, na ninakiri mbele ya watu! Fundi alipoteremsha tangi la mafuta, juu yake, ndiyo hii hapa, karatasi yenyewe." Akaitoa fremu kama padri anayeinua kikombe.

"Juu ya tangi la mafuta?"

"Kwa macho yangu mawili. Niape?"

"Apa tu, hata naibu sherifu yupo." Kweli alikuwepo, meza ya pili, anakula mahindi. Royce akaapa. Gene akaifungua fremu taratibu, akaitoa karatasi, akaigeuza, akaiinamisha juani mpaka penseli ikang'aa ndani ya grisi. Akasoma kwa sauti ya kanisani:

"'Nimeirudisha nilipoikuta, kwenye springi za kiti cha nyuma, upande wa dereva. Ilivyotoka kiwandani ndivyo ikae. Hobart Kreider, tarehe nne Julai 1983. Arvilla kashika tochi.'"

Bi Arvilla alijitokeza nyuma ya Gene, na mkoba wake mkononi.

"Nilishika kweli," alisema. "Mbu waliniua siku hiyo."

Kalamu ya Hostetter ilirudi mfukoni, na Hostetter mwenyewe hakuonekana tena. Merle alikwishaondoka tangu neno "springi."

"Mwanangu," Bi Arvilla alimwambia Royce kwa upole, "una njia mbili. Ukisema cheti chako ni cha kweli, hili ni gari feki la dola elfu sita na mia nne, umeandika mwenyewe, na mimi nalinunua. Ukisema gari ni la kweli, basi tumwite yule mwenye mahindi, umweleze karatasi ilitokaje kwenye kiti changu ikaingia kwenye shati lako."

"Mama, nimetia humo dola arobaini na moja elfu!"

"Naona. Fundi wako hodari."

"Umenichezea!"

"Mimi? Mimi nilikwenda kuchemsha kahawa."

Royce alimtazama naibu sherifu, akalitazama gari, akaitazama mihuri yake mitatu. Kadi ya gari ilikuwa mfukoni mwake, Merle alikwisha kuisaini siku nyingi. Akatia sahihi. Safari hii haikuwa na mkia. Bi Arvilla akampa bahasha, na alipoifungua aliitambua: ilikuwa bahasha yake mwenyewe, haijapungua noti. Akaondoka kwa miguu, maana pikapu alikwishauza, na kutoka uwanja wa maonyesho mpaka kwa Merle ni maili tisa bila kivuli.

Gene alingoja wino ukauke, kisha akakikata cheti kwa mstari mwekundu na kuliandika gari upya kuwa halisi.

Kwa hiyo mwenye mama mzee asidanganyike na hadithi hii. Bi Arvilla alipona kwa sababu ya mbu wa mwaka 1983. Mama yako huenda siku hiyo alikuwa amelala. Mpigie simu leo, umuulize ni nani amekuja kumkagulia nini.

Bi Arvilla alikuwa amesimama karibu sana na gari, pua inakaribia kugusa mlango, miwani kaivua, anaitazama zambarau yake. Kisha akampa Gene ile karatasi, na Gene akakinyanyua kiti cha nyuma, akauingiza mkono upande wa dereva.

"Mzee Gene, unaona huko?"

"Sioni vizuri."

Bi Arvilla akafungua mkoba, akatoa tochi, akamshikia.