Jina Rasmi la Simu ya Nicanor

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba mkoa wetu wa Zamora, ambao wenye wivu husema una mawe mengi kuliko watu, sasa una chombo ambacho hata Madrid hawana: Tume ya Kudumu ya Kuyapa Maradhi ya Simu Majina Safi ya Kihispania. Mimi, Leandro Quiñones, ndiye Katibu wake, na muhuri unakaa kwangu.

Tume iliundwa kwa sababu simu zetu zilikuwa zikiharibika kwa Kiingereza. Simu ikizima isiwake tena, Waingereza husema imekuwa tofali. Kioo kikianza kujibonyeza chenyewe, husema kimeingiwa na mzimu. Vijana wetu wakayabeba maneno hayo mabichi, wakayatia mkia wa Kihispania, wakawa wanayatamka mbele ya bibi zao bila haya. Mtoto wa dada yangu alisema "brikeado", yaani imekuwa tofali, mezani siku ya Jumapili, supu ikiwa bado ya moto, na hakuna aliyemnasa kibao. Serikali inayojiheshimu haiwezi kulifumbia macho jambo kama hilo.

Mwenyekiti wetu ni Don Saturnino Berruguete, mtu mzito wa mwili na wa hoja, ambaye huongoza vikao akiwa amefumba macho ili asikie vizuri. Ndiye aliyetunga kanuni zetu kuu. Kwanza, hakuna fundi atakayegusa simu ambayo ugonjwa wake haujapata jina rasmi, maana utatibuje kitu usichojua kukiita? Pili, neno litapitishwa kwa kauli moja ya wajumbe wote, tena mbele ya kielelezo, yaani simu halisi yenye ugonjwa huo, ambayo itabaki mbovu mpaka neno lipatikane. Wapo waliocheka. Nawajua.

Kielelezo cha tofali hakikutusumbua. Nicanor, mwenye baa iliyo mkabala na ofisi yetu, simu yake ilizima siku ileile kanuni zilipobandikwa ukutani. Alikuwa anaikimbiza kwa Yadira, yule fundi Mwekwado kutoka Amerika Kusini mwenye kibanda karibu na soko, nami nikamdaka barabarani na kuitwaa kwa niaba ya lugha ya taifa. Nikaifungia katika kabati la kioo, juu ya mto wa mahameli.

Hapa inabidi nieleze jambo la jikoni, ambalo mwanzoni sikulipa uzito. Baa ya Nicanor inasifika kwa mchuzi wa matumbo wa kila Alhamisi, ule mwekundu wa pilipili ya moshi na soseji. Mpishi alikuwa mama yake, Bi Obdulia, aliyefariki wakati wa baridi. Bi Obdulia hakuwahi kuandika upishi wake popote. Alipoona nguvu zinamwishia, alimsemea mwanawe kila kitu kwenye simu, hatua kwa hatua, kwa sauti yake mwenyewe na matusi yake mwenyewe. Basi kila Alhamisi Nicanor aliisimamisha simu kando ya jiko, akapika huku marehemu akimfokea. Niliwahi kumuuliza kwa nini asikariri tu yakaisha. Akasema akishakariri, hatakuwa tena na sababu ya kumsikiliza.

Alikuja ofisini kofia mkononi. Yadira alikuwa amemhakikishia, kwa kusikia dalili tu, kwamba simu inatengenezeka na sauti zote zimo.

"Katibu, mle ndani yumo mama yangu," alisema.

Nilimjibu kwa upole kwamba mama yake yuko mahali salama, penye kufuli, na kwamba kumtoa kabla ya neno kupatikana ni kuvuruga ushahidi. Aliniangalia vibaya sana. Watu hawana shukrani.

Isidhaniwe kwamba Tume ilikaa bure. Neno "tofali" kwa Kihispania safi lilikataliwa palepale, kwa kuwa Zamora imejengwa kwa mawe na hatuwezi kuwapa sifa watu wa Valladolid, wajengao kwa matofali. "Marehemu" lilikwama kwa hofu kwamba padri angeombwa kuzika. "Iliyolala mchana" liliungwa mkono kwa makofi, mpaka mjumbe mmoja akatukumbusha kwamba anayelala mchana huamka akiwa na nguvu zaidi, jambo ambalo wote tulikuwa mashahidi wake. Na kila neno lililosalia lilipingwa na Doña Fuencisla, mwalimu mstaafu mwenye msimamo wa chuma: yeye hapigii kura neno ambalo hajalisikia likitoka vinywani mwa watu.

Wakati huo Alhamisi zilikuwa zinapita. Nicanor alijaribu kupika kwa kubahatisha. Sisemi mengi, ila mbwa wa muuza magazeti alinusa bakuli, akaenda zake. Baada ya hapo baa ikawa inauza mayai ya kukaanga na viazi, na wateja wakahamia ng'ambo ya mto. Mwenyekiti aliumia kuliko wote. Don Saturnino ndiye ulimi wa mkoa huu: hufumba macho, huonja, kisha huwahutubia walio karibu kuhusu urari wa pilipili na chumvi. Bi Obdulia alimheshimu hata akawa anampikia katika sufuria ndogo ya peke yake, heshima ambayo padri wa parokia hakuipata hata siku ya Pasaka. Sasa Mwenyekiti alikonda. Alikonda kidogo tu, lakini aliyefunga vifungo vya koti lake kila siku, yaani mimi, alitambua.

Ndipo siku moja sokoni nikasikia mwanamke akimpa Yadira simu na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba haiwaki tena, imesaturnika. Nilidhani nimeota. Muuza samaki naye akasema ya kwake ilisaturnika juzi. Nikamtaka Yadira anieleze maana ya upuuzi ule.

"Kwani hujui, bwana Katibu?" akasema bila kuinua uso. "Inakula chaji yote unayoipa, inapata joto, inakaa mezani kwa heshima zake. Ukiiita, haiitiki."

Nilipeleka taarifa kwa Mwenyekiti. Alifumbua macho. Alitaka polisi waitwe, soko lifungwe, Waekwado wahojiwe. Lakini kabla sijashika kalamu ikapigwa simu kutoka Madrid: Naibu Waziri atatutembelea Alhamisi, amesikia habari za matumbo ya Zamora, na huenda akamchagua mtu mzima mwenye busara akafanye kazi naye makao makuu. Don Saturnino alikuwa ameisubiri simu hiyo tangu akiwa na nywele.

Akaniagiza nitafute neno jingine haraka, lolote. Nikapeleka maneno lukuki. Doña Fuencisla akayakataa yote, akisema yananuka ofisi. Mwenyekiti akamsihi Nicanor apike tu hivyo hivyo. Nicanor akasema, bila kugomba, kwamba bila mama yake Naibu Waziri atakula mayai. Mwenyekiti akapendekeza simu itolewe kabatini kimyakimya. Hapo ilinibidi mimi mwenyewe kumsomea kanuni, iliyotiwa sahihi yake na muhuri wangu, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza haimpendezi.

Basi Jumatano Tume ikaketi. Doña Fuencisla akasimama.

"Neno lipo," alisema. "Limetoka vinywani mwa watu, ni fupi, na kila mtu analielewa. Limebakiza kura moja tu."

Wajumbe waliinua mikono huku wakitazama dari. Don Saturnino alibaki peke yake, mikono juu ya tumbo. Dirisha lilikuwa wazi, na kutoka kwa Nicanor ilipanda harufu ya mayai. Nilimwona akimeza mate. Halafu mkono wake ukainuka polepole, kama mtu anayenyanyua ndoo iliyojaa, na neno "kusaturnika" likapita kwa kauli moja. Nikapiga muhuri. Yadira alikuwa amekwisha fika mlangoni na vifaa vyake.

Alhamisi baa ilifurika. Naibu Waziri aliketi kwenye kaunta, Mwenyekiti kuume kwake, mimi nyuma yao. Nicanor alisimamisha simu kando ya jiko, akapandisha sauti hadi mwisho ili asipitwe na kitu, akabonyeza. Sauti ya Bi Obdulia ikajaa baa nzima, ikimwita mwanawe mjinga na kumwambia apunguze moto. Nicanor alicheka, machozi yakimtiririka, na akayafuta kwa aproni bila kujificha. Hata mimi nilitoa leso, ingawa sikuwa na idhini.

Mwenyekiti akainamia sikio la Naibu Waziri na kumdokeza kuhusu sufuria ndogo. Kama vile marehemu amemsikia, sauti ikafika hapohapo.

"Sasa ile sufuria ndogo ya Saturnino. Mle tia makombo ya jana, mkate mkavu na pilipili nyingi. Nyama ya maana usimpe, mwanangu. Akishafumba macho hajui anachokula, na hotuba ni ileile."

Naibu Waziri alimgeukia Don Saturnino, akamwita kwa jina, akamgusa bega. Mwenyekiti alikaa wima, mwekundu, uso unamtoka joto, macho wazi, hajibu kitu. Akamwita tena. Wapi.

"Ana nini huyu?" Naibu Waziri akaniuliza.

Baa nzima ikanitazama. Mimi ni Katibu wa Tume, na nimekula kiapo kutumia maneno rasmi tu.

"Amesaturnika, Mheshimiwa," nikasema.