Shamba la Nane Halina Mhitimu

Uongozi wa Shamba la Nane la Ngano, Hanang, unayo heshima kuutangazia umma kwamba Mpango wake wa Mafunzo Kazini umefaulu kuliko mipango yote ya aina hiyo. Tangu uanzishwe hakuna hata mtu mmoja aliyehitimu. Wote bado wanajifunza.

Nasema haya nikiwa Afisa Mafunzo. Manufaa kwa mwajiri yako wazi. Mwanafunzi hupewa posho, si mshahara, na hulala bwenini, kwa sababu nyumba za wafanyakazi ni za wafanyakazi. Manufaa kwa mwanafunzi nayo si haba. Hawezi kufukuzwa kazi, maana hana kazi. Akiharibu kitu haadhibiwi, kwa kuwa kosa la mwanafunzi ni sehemu ya mafunzo. Kifungu hicho kilitungwa na Meneja wetu, Ndugu Joakimu, na alikitunga vizuri.

Mfano bora ni Verediana wa Tlawi. Alipokuja kujifunza kuendesha kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano, mwanawe Benedikta alikuwa anaanza kutembea. Sasa Benedikta anasoma shule huko Tlawi, kwa bibi yake, na mama yake bado anajifunza. Kila mwisho wa mavuno mimi huandika kwenye taarifa yake: "Anaonyesha maendeleo."

Mwaka huu, ngano ilipoanza kugeuka rangi, Verediana alikuja ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Meneja akajibu bila kuinua macho.

"Naomba mtihani. Nikipata cheti nitapata nyumba, nimlete mwanangu. Juzi nilienda nyumbani, akaniamkia kama mgeni."

"Hiyo ni adabu. Umemlea vizuri."

"Amelelewa na mama yangu."

"Verediana, elimu haina mwisho. Wewe unataka kuimaliza kwa ajili ya nyumba?"

"Mzee, misimu yote hii naendesha peke yangu. Hakuna anayenifundisha."

Maneno hayo yalimsumbua Meneja. Mwanafunzi anayeendesha peke yake anafanana mno na mfanyakazi. Akatoa waraka: kuanzia sasa, mwanafunzi haruhusiwi kuwasha mtambo bila mkufunzi mwenye cheti kukaa kando yake. Nakala ikaenda makao makuu ya Shirika linalomiliki Shamba. Shirika likapendezwa, likajibu kwamba mkaguzi, Ndugu Hhando, atakuja wakati wa mavuno kujionea mwenyewe.

Mavuno yakafika. Ngano ilikuwa imekauka, wingu limekaa juu ya mlima Hanang, na kombaini zimesimama. Wanafunzi walikuwa wameketi kwenye vivuli vya magurudumu.

"Mbona hamvuni?" Meneja akauliza.

Aliyejibu ni Gidahosh wa Hirbadaw. Baba yake alikuwa akichunga ng'ombe hapa kabla malisho hayajawa shamba. Ng'ombe walipoendelea kuja kwa mazoea, Shamba lilimchukua Gidahosh mafunzoni, ili ukoo wake uelewe maana ya maendeleo.

"Tunasubiri mkufunzi mwenye cheti, mzee. Waraka umesema."

Wenye vyeti walikwisha kuhamia ofisi za mjini. Alikuwa amebaki mmoja tu, Meneja mwenyewe, aliyepata chake ng'ambo na kukitundika ukutani.

"Endesheni tu," akasema kwa sauti ya chini.

"Halafu tufukuzwe mafunzoni?" Verediana akauliza. "Na elimu yenyewe haina mwisho."

"Hata ng'ombe wetu mlituambia wasome kibao cha kukataza malisho," Gidahosh akaongeza. "Sisi tumesoma."

Vumbi la Landrova ya mkaguzi likaonekana barabarani.

Meneja ni mtu wa maamuzi. Aliona kwamba ana makalio mawili, lakini hawezi kuyagawa kwenye kombaini mbili. Akamsainia Verediana cheti pale pale, juu ya tairi, ili walau mashine mbili zionekane zikitembea. Kisha akapanda kando ya Gidahosh, na suti yake ya Kaunda.

"Shikamoo, mkufunzi," Gidahosh akasema. "Naomba unifundishe. Inawashwa wapi?"

"Unajua wewe."

"Nikijua, si nitakuwa nimehitimu?"

Baada ya majadiliano mafupi, kombaini iliwaka. Wakazunguka shamba mpaka tangi la ngano likajaa, wakarudi alipokuwa mkaguzi, amesimama kando ya Landrova yake iliyofunuliwa turubai.

"Vizuri," akasema Ndugu Hhando. "Sasa mkufunzi amwonyeshe mwanafunzi jinsi ya kumwaga ngano kwenye lori."

Meneja alitazama vyuma vyote vilivyokuwa mbele yake, akachagua kimoja kwa uhakika wa kiongozi, akakivuta. Bomba likageuka upande ambao lori halikuwepo. Landrova ikajaa ngano hadi usukani. Mkaguzi naye akafunikwa hadi magotini.

"Hii ni nini?" akauliza. Ngano ilikuwa ikimtoka mifukoni.

Kuharibu mali ya Shirika ni kosa la kufukuzwa kazi, isipokuwa kwa kundi moja tu la watu. Meneja akakumbuka kifungu chake.

"Nilikuwa najifunza," akasema.

"Kwani wewe ni mwanafunzi?"

Meneja akaitazama Landrova. "Ndiyo, Ndugu."

"Basi si kosa." Ndugu Hhando akakung'uta kofia. "Ila mwanafunzi hawezi kusimamia wanafunzi. Nani mwingine hapa ana cheti?"

Verediana aliinua mkono akiwa juu ya kombaini yake, bila kuzima injini.

Yaliyofuata yalifuata utaratibu. Verediana aliwapa wenzake mtihani mmoja mmoja, wakavuna, na mvua ikakuta mabua. Gidahosh alipopata cheti chake alikwenda kumwonyesha baba yake, ambaye aliuliza kama kinaruhusu ng'ombe. Benedikta alikuja na begi moja na kuku mmoja. Wanakaa kwenye nyumba yenye baraza, ile aliyokuwa akikaa Meneja, kwa kuwa nyumba za wafanyakazi ni za wafanyakazi. Ndugu Joakimu yuko bwenini, kitanda cha juu. Tangazo la hapo mwanzo, kwamba hakuna aliyehitimu, lilikuwa la kwake. Naona sasa linahitaji marekebisho.

Jana Ndugu Joakimu alikuja ofisini, ambako sasa anakaa Verediana.

"Shikamoo, mzee," Verediana akamwamkia, maana adabu ni adabu.

"Marahaba. Naomba mtihani."

Verediana hana roho mbaya. Alitoka naye nje hadi kwenye kombaini, mimi nikiwafuata, akamwuliza swali moja: inawashwa wapi? Ndugu Joakimu akafikiri, akaonyesha honi.

Verediana akanitazama. Nikafungua taarifa yake, nikaandika: "Anaonyesha maendeleo."