Hotuba ya Kuzindua Mlango wa Kituo cha Lugha za Kigeni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wa Mwenyekiti huyo, waheshimiwa wajumbe mliopata viti na mliokosa, mwalimu wetu mgeni uliyeacha kwenu ukaja kutufundisha lugha yako, wazazi, wanafunzi, mke wangu uliye safu ya mbele, na mimi mwenyewe Mkurugenzi niliyekubali mwaliko wangu: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Alianza mkewe. Mimi nilikuwa kando ya Mkurugenzi nikimtafsiria mwalimu mgeni. Haya ya kwenye mabano ni yangu, kule jukwaani nisingethubutu.)

Ndugu zangu, leo tunazindua Kituo cha Umahiri cha Lugha za Kigeni na Utamaduni, mradi shirikishi, jumuishi na endelevu, ambao niliuona kwa macho ya fikra nikiwa kwenye semina elekezi, baada ya chai ya saa nne, na ambao kwa mujibu wa tathmini niliyoifanya mwenyewe umefanikiwa kwa asilimia mia moja na nne. (Mwalimu wa hesabu alikohoa.) Kwa maana lugha, wapendwa wadau, si kamusi! Mtoto akilijua neno “asante” la watu, asijue wenyewe wanalisema lini, kwa nani, na kwa uso gani, huyo hajajifunza lugha, amemeza vidonge bila maji! (Makofi makubwa. Hapo, kusema kweli, alinigusa.) Binti, tafsiri kwa sauti, mbona kama unaomba msamaha? (Vicheko. Masikio yaliniwaka moto. Nyumbani lugha moja, darasani nyingine, na aibu naona kwa zote mbili.)

Nyuma ya mlango huu wenye utepe mwekundu, ndugu zangu, kuna vyumba vya kisasa, vinasa sauti, moduli ya salamu, moduli ya kupanga foleni na moduli ya kukataa kwa adabu, vyote vikimsubiri mwalimu wetu. Nawe mwalimu, usijione mgeni, hapa ni kwako, karibu uingie wakati wowote, hata sasa hivi!

(Ukumbi mzima ulielewa: asante, kaa hapo hapo. Mwalimu mgeni alinitazama. Ningeweza kumpa maana. Lakini nilikuwa wa kwanza kujiandikisha kwenye darasa lake, na nilitaka sana kukiona kiti changu. Nikampa maneno, kama yalivyo. Akasimama.)

Binti, umemwambia nini? Mwambie akae! (Nilimwambia. Alikuwa ameshachukua mkasi.) Waheshimiwa, mnaiona ari hiyo? Mama mwalimu, taratibu, mlango huo hausukumwi, umeegemezwa tu... (Utepe ukakatika, mlango ukafunguka. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa ukumbi, na msumari mmoja. “Jamani, kituo kimetoka kidogo?” aliuliza mama mmoja kule nyuma, na watu wakavunjika mbavu.)

Utulivu! Huo mnaouona ni ukuta wa awamu ya kwanza! Anasemaje huyo? (“Anauliza atafundishia wapi,” nilisema, na kwa mara ya kwanza sikunong'ona.) Mwambie... mwambie suala lake tumelipokea, tutaliangalia.

(Safari hii nilimpa maana. Nilimwambia: “Hakuna.” Akacheka, akaufunga mlango, akatoa chaki mkobani.)

Kwa hiyo, ndugu zangu, semeni nami: Lugha! (“Utamaduni!”) Kituo! (“Kiko wapi!”) Namalizia kwa kuwashukuru mafundi ambao tungewaita, mhandisi ambaye angechora ramani, wafadhili ambao bado hatujawaandikia, na kwa namna ya pekee seremala, aliyetuazima mlango huu wa mteja wake na ambaye namwona amekuja kuuchukua. Ahsanteni kwa kunisikiliza!

(Seremala alikuta mwalimu mgeni ameshaandika salamu za kwao mlangoni, juu hadi chini, nasi tumekaa sakafuni mbele yake. Akaketi nasi, akaweka kofia magotini, akasubiri tumalize kunakili.)