Hema ya Bluu kwa Tata

Leo nimejivunjia heshima mbele ya avenyu nzima ya kwetu Dilala, na hasira bado haijashuka. Nawaeleza mwenyewe kabla hamjaelezwa na wengine.

Kwanza mjue hali ya Tata, baba yangu. Alifanya kazi ya mgodi miaka mingi, na vumbi halikumwacha hata alipostaafu. Baridi ya mwezi wa sita ikifika, kifua chake kinalia kama mlango mbovu. Mwaka jana gripe, ile homa ya mafua, ilimlaza wiki tatu. Nilimwosha mimi. Nilimlisha uji kwa kijiko, mimi mwenye mimba ya miezi minane. Mwaka huu nikamwambia kuna sindano ya gripe kwa watu wazima, twende. Akasema kituo cha afya ni mbali, foleni inakula nusu siku, na sindano ni ya batoto. Alhamisi tuligombana vibaya. Nikamwambia, "Basi Tata, ukufe na kichwa yako nguvu." Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaondoka bila kuaga.

Siku tatu sikumpigia. Leo asubuhi moyo ukanisumbua, nikapiga. Telefone imezimwa. Nikapiga ya kaka yangu Kasongo, anayekaa naye. Inaita, hakuna anayepokea. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria.

Tulipokata kona, nikaona hema.

Wasio wa kwetu wajue: hema ya bluu uani na viti vya plastiki ukutani, kimya, hiyo si arusi. Arusi ina muziki. Wanaume walikuwa wameketi wakitazama chini. Wamama walikuwa kwenye mikeka, miguu wameinyoosha, vitambaa kichwani, mmoja ameshika bega kama mtu aliyechoka kulia. Kasongo alikuwa anabeba viti vingine. Tata sikumwona.

Mbele ya kilio hatuulizi. Ukiuliza nani alikufa, umeonyesha kwamba wewe ni mgeni. Unalia kwanza, tangu barabarani, ili marehemu ajue umefika. Nikavua viatu. Nikavua kitambaa cha kichwa, nikakifunga kiunoni. Nikalia. (Mwenye moto alizima mashine yake kwa heshima.)

Na kilio chetu hakina siri. Unaongea na marehemu mwenyewe, unamwambia yote.

"Tata yangu eee, mi njo nilikuua na hii kinywa. Tata, mi njo nilikwambia ukufe. Tata, ile radio yako, si Kasongo alivunja, ni miye. Tata, ile wiki nilisema niko mu retreti ya sala na bamasere wa parokia, nilikuwa Tenke, kwa baba ya huyu mutoto."

(Ndiyo. Niliyasema. Sauti yangu mnaijua.)

Kasongo alisimama na viti vitatu mikononi. Kwa ile redio alichapwa mpaka majirani wakamwombea msamaha.

Nikapiga magoti kwenye vumbi. Ningegaagaa, ila mtoto alikuwa mgongoni. Mama Tereza, jirani wa mlango wa pili, akainua sauti akalia pamoja nami, kwa sababu mtu haachwi alie peke yake. Wa pili akadakia. Wa tatu. Mikeka yote ikalia. Katikati ya machozi nikamsikia Mama Tereza akimnong'oneza mwenzake:

"Njo nani alikufa?"

"Siyui. Lia tu, tutajua."

Hapo nikaiona meza, mwisho kabisa wa hema. Juu yake kisanduku cha barafu. Nyuma yake mama munganga wa kituo, koti jeupe, sindano ameishika juu kama mshumaa. Na mbele yake, kwenye kiti, mkono wa shati umekunjwa nusu, Tata.

"Ngoie," akasema. "Unalilia nani?"

Mikeka yote ikageuka kunitazama.

"Weye, Tata."

"Miye siyakufa."

"Naona, Tata."

Mama munganga akanieleza polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Watu hawafiki kituoni, kwa hiyo sindano inawafuata pale wanapokusanyika: kanisani, sokoni, na leo hapa, kwa sababu avenyu yote inachota maji kwenye bomba la Tata. Wale wa mikekani walikuwa wamekwisha kudungwa, wanapumzika kidogo. Hema Kasongo aliiazima parokiani. Ni ile ile ya matanga, wana moja tu.

Nikamgeukia Kasongo. "Hata kuniita?"

"Nikuite ukuye kupigana na Tata tena?" akasema. "Na ile radio tutaongea."

Mama munganga akaniinamia sikioni. "Mama, amekaa pa hii kiti mara tatu, na mara tatu amesimama. Leo njo siku yetu ya mwisho hapa."

Na Tata akasimama mara ya nne. Akashusha mkono wa shati. Moyo ukanifia kweli sasa. Nimekuja na makelele yangu, nimempa sababu ya kwenda zake, na baridi yote iko mbele. Akatembea mpaka nilipokuwa. Kikohozi kikamshika, kirefu, akakingoja kiishe. Akampangusa mtoto vumbi mguuni.

"Nimesikia kilio yangu," akasema. "Haiko muzuri. Yote ni mambo yako weye. Hata neno moja kama nilikuwa tata muzuri, hapana."

Akarudi kitini, akaukunja mkono wa shati mpaka begani.

"Mama, piga sindano. Huyu ajifunze kwanza kulia."

Sindano ikaingia. Hakukunja uso. Mi nikalia tena, safari hii bila maneno.

Kuna mtu alipiga video. Namjua, na najua nyumba yake. Aifute.