Vita vya Ustadh Junaid na Ukungu wa Mkiani

Enyi watu wa Kisauni, kuanzia Mwakirunge hadi Mkomani, tulieni kidogo; mwenye kikombe na akiweke chini, mwenye simu na aizime, kwa kuwa yanayosimuliwa hapa ni makuu. Mola atupe pumzi ya kuyafikisha mwisho, maana ni habari za Ustadh Junaid bin Shee, simba wa madrasa, mwenye sauti ya kutikisa mabati, na jinsi alivyoingia vitani kwa ajili ya samaki asiyezidi kidole gumba.

Samaki huyo ni Lulu, mwenye mapezi ya dhahabu, malkia wa tangi la kioo lililoko sebuleni kwa Ustadh na mkewe Bi Wardah. Binti yao Nasreen, alipoolewa Lamu, alimwachia mamake, na Bi Wardah kila alipozidiwa na upweke aliketi mbele ya kioo akazungumza naye. Kwa hiyo siku aliyofunga safari kwenda kumuuguza Nasreen aliyejifungua, alimgeukia mumewe mlangoni.

"Baba Nasreen, nyumba nakuachia, ikiungua na iungue. Lulu nimkute."

"Wallahi utamkuta, tena kanenepa!" akaapa shujaa, mkono kifuani.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Ustadh ni mtu wa pwani, na mtu wa pwani hawezi kutia tonge kinywani huku anatazamwa bila kusema karibu. Kila asubuhi alikaa na mahamri yake na mbaazi, Lulu akimkodolea macho. Kila asubuhi akamkaribisha, akammegea. Malkia alikula alichokiweza, kilichobaki kikazama kikaoza, hata siku moja adui akajitokeza: weupe umeuvamia mkia, umepiga kambi na kutundika bendera. Lulu alilala ubavu chini ya tangi, na Ustadh akaogopa kwelikweli.

Shemeji yake Mwanasaumu alifika na chetezo. "Hili ni jicho, shemeji. Watu wameingia humu wakamsifu, hawakusema mashallah." Akafukiza ubani hata tangi likapotea moshini. Ustadh alikohoa sana. Adui hakutikisika.

Basi shujaa akampigia simu Charo, muuza samaki wa mapambo kule Kongowea. "Ewe Charo, tabibu wa viumbe vya majini! Ngome imeingiliwa, malkia yu hoi, nami nimesimama peke yangu ukutani!"

"Shikamoo, Ustadh," akasema Charo. "Huo weupe ni vidoa kama punje za chumvi, ama ni manyoya kama pamba?"

Ustadh akainama hata pua ikagusa kioo. "Pamba."

"Basi huo ni ukungu, na ukungu wapenda maji machafu. Wamlisha nini?"

Simba wa madrasa, mtikisa mabati, akatazama mlangoni kama kuna asikiaye.

"Mahamri," akanong'ona.

"Na mbaazi?"

"Kidogo."

Charo alicheka, kisha akampa amri za vita. Shujaa akakunja kanzu, akashika chujio la chai, akaopoa makombo yaliyooza moja baada ya jingine. Akayapumzisha maji ya bomba ndooni hata dawa yake ya klorini ikatoka, akayabadilisha ya tangini kidogo kidogo. Akakoroga chumvi ya mawe katika beseni, akamwogesha malkia humo, akimhesabia pumzi na kumsomea dua, kisha akamrudisha kwake. Akarudia kila siku, wala hakummegea tena kitu. Pamba ikapungua, ikachanika, ikaanguka. Na asubuhi moja Lulu akapanda juu ya maji, akageuka kwa madaha. Ustadh alipiga takbiri iliyowashtua majirani.

Bi Wardah akarudi. Kabla ya kuvua buibui alikwenda tangini, akatazama, uso ukamshuka.

"Huyu si Lulu. Lulu wangu alikuwa mnene. Wangu amekufa, ukaninunulia mwingine."

"Ndiye!" akanguruma shujaa, halafu akaishusha sauti. "Ndiye, Mama Nasreen. Tazama mkia, una pengo. Ukungu ulimla hapo. Nami ndiye niliyeuleta, kwa mahamri, na mimi ndiye niliyeuondoa."

Bi Wardah akaweka kidole kwenye kioo. Lulu akaja mbio, akafungua kinywa na kukifunga, kama alivyozoea kumfanyia yeye tu. Mama akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akacheka, akavua buibui.

Basi na iandikwe, wajukuu waje waisome: katika zama hizo, huko Kisauni, mume mmoja alituhumiwa na mkewe, akasema kweli yote, na jioni ile bado akapikiwa.