Mshenga Aliyeomba Kupunguziwa Biblia

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe, na suti nilikuwa nimevaa.

Nianze mwanzo. Mpwa wangu Yona anataka kumuoa Skola wa Kawajense. Sisi ni walokole. Kwao ni Wakatoliki, tena baba yake ni katekista. Miezi minne wametukatalia. Wiki iliyopita wakalegea: leteni mshenga, na orodha hii hapa. Ukoo mzima ukanitazama mimi. Nanunua mpunga vijijini, Mamba na Usevya, gunia pungufu nalijua kwa kulitazama tu, na sijawahi kukubali bei ya kwanza. (Nesi aliponiambia sindano tano, nilisema tufanye tatu.)

Mwenye neno la mwisho kule ni bibi yake Skola, Bibi Veneranda. Hakutaka blanketi kama mabibi wengine. Alitaka Biblia, maandishi makubwa. Nikainunua kwenye duka la kanisani kwetu, maandishi kama ya bango la uchaguzi. Nikahesabu vitabu ndani: sitini na sita. Nikarudia: sitini na sita. Safi.

Saa nne asubuhi tuko sebuleni kwao. Soda zimefunguliwa. Vitu vyote vimepokelewa, Yona anatabasamu mpaka anakera. Ikabaki Biblia. Nikaikabidhi kwa mikono miwili.

Bibi akavaa miwani, akafungua orodha ya vitabu. Kidole kikaanza kushuka taratibu. Nikajua nimekutana na mtu wa fani yangu.

"Mshenga, vimo sitini na sita."

"Naam, Bibi. Nimehesabu mara mbili."

"Vyetu ni sabini na tatu. Tobiti yuko wapi? Yudithi? Wamakabayo, cha kwanza na cha pili?"

Baba Skola akakohoa. "Wenzetu hawa walivitoa, mama."

"Hatukutoa, mzee. Nyie ndio mliongeza." (Mdomo huu!) "Sisi debe letu tunalifuta juu. Nyie mmefunga lumbesa, gunia lina kilemba."

Yona akanikanyaga mguu. Hapo mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikaona bei mbili zilizoachana, na kazi yangu ni kuzikutanisha.

"Wazee wangu, tusivunje ndoa kwa vitabu saba. Nyie mko sabini na tatu, sisi sitini na sita. Tufunge sabini."

Ndiyo, nilisema hivyo. Na mkono nikaunyoosha!

Bibi hakukasirika. Bora angekasirika. Akanisogezea Biblia yake kuukuu, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Haya, mwanangu. Chagua vitatu vya kutoa."

"Yaani, Bibi..."

"Vitatu. Huwezi kupunguza mzigo ambao hujaufungua. Si umevisoma?"

"Sijavisoma."

"Basi tuviache vyetu. Hivyo sitini na sita vyenu, umemaliza vingapi?"

Mimi, ninayehesabu kila kitu mara mbili, nikahesabu mara moja, ikatosha.

"Vinne." (Na kimojawapo ni Ruthu, mnajua kilivyo kifupi.)

Skola alikuwa analeta maandazi. Alicheka mpaka sinia likalala upande. Baba mkwe akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Yona naye akacheka! Damu yangu mwenyewe!

Bibi akapiga meza. "Kijana hana kosa. Mwenye faini ni mshenga. Nenda na Biblia hii, usome Tobiti chote, Jumapili uje unisimulie. Ukiweza, mke mnaye. Ukishindwa, rudini na soda zenu."

Nikafungua mdomo niombe nusu. Yona akanikanyaga mguu wa pili.

Sasa nimejifungia chumbani kama mwizi. Nimefika sura ya saba, na mchungaji asiambiwe: ni tamu. Humo kuna kijana anaoa, aliyefuatana naye ndiye anayemsemea kwa wakwe, na ndoa inafungwa siku hiyohiyo bila mtu kukanyagwa mguu.

Ila mshenga wa humo ni malaika. Tafadhali msinilinganishe.