Hataki Mchepuo, Aende Moja kwa Moja

Jumatatu, 1 Agosti 1994. Kilosa.

Hildegarda kaja na fomu. Ni mtoto wa dada yangu Magreth, yuko kidato cha nne, shule ya kutwa hapa mjini. Magreth mwenyewe yuko Malolo na vitunguu vyake, kwa hiyo mlezi ni mimi. Mlezi! Nimejitazama kwenye kioo. Nafaa.

Fomu ni ya kuchagua masomo ya kidato cha tano. Iko moja tu, ina namba, haina nakala. Ijumaa saa sita iwe imerudi shuleni na sahihi ya mzazi au mlezi. Katikati kuna kisanduku kimeandikwa MCHEPUO. Hildegarda keshasema anachotaka: PCM. Yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, tena ile Hisabati kubwa yenyewe, si ile ndogo ya kusindikiza masomo mengine. Shule ya kidato cha tano anayoitaka iko Kilimanjaro. Bweni. Miaka miwili.

Nikasema nipe kwanza niisome, karatasi za serikali zina mitego. Akasema Mjomba, ni sahihi tu. Sahihi tu! Nikamkumbusha kwamba mwaka 1963 nilikuwa wa kwanza kwa hesabu mkoa mzima, na leo ningekuwa injinia wa reli kama tembo wa Mikumi asingekula barua yangu ya kuchaguliwa. Akasema mwaka jana ulisema ilichukuliwa na maji ya mto Mkondoa. Nikasema ilianza na maji, tembo akamalizia.

Mtoto huyu ana kumbukumbu mbaya sana. Yaani nzuri.

Jioni kafanya hesabu zake kwa sauti, kwenye kigoda chake kando ya jiko la mkaa. Mimi hujifanya nashona vifungo. Simwelewi. Lakini nasikiliza. Miaka minne nasikiliza. Chukua eksi, mpeleke upande wa pili, mrudishe. Sijui eksi ni nani na kwa nini haachwi akatulia mahali pamoja. Ila sauti ile ikikatika, nyumba inakuwa kubwa ghafla.

Mwakani kigoda kitakaliwa na paka.

Jumanne, 2 Agosti. Mikumi.

Nimeshuka Mikumi na furushi la makoti. Tangu mitumba iwe ruksa, nami ni mfanyabiashara wa kimataifa. Makoti yanatoka Ulaya, mimi natoka Kilosa, tunakutana Mikumi. Nimemuuzia dereva wa Iringa koti la kike lenye manyoya. Nikamwambia lilikuwa la jaji wa Norwe. Akauliza mbona ndani lina maua. Nikasema majaji wa kule ndivyo walivyo, nje wakali, ndani maua.

Sasa jambo kubwa. Barabara kuu inatengenezwa. Mbele ya nyumba za wageni wamesimika kibao, herufi kubwa kama milango: MCHEPUO. Mshale unakutoa kwenye lami unakutupa porini. Na huko kwenye mchepuo, lori la nyanya limezama kwenye vumbi mpaka ekseli. Siku ya tatu leo. Nyanya zinanuka. Nyani wamekaa juu ya turubai wanakula kama waliotumiwa kadi ya harusi. Dereva wake, Timotheo, mtu mzima mwenye mvi, kalala chini ya tela. Nikampa pole. Akasema, "Ndugu yangu, mchepuo haujawahi kumfikisha mtu. Ukipata njia iliyonyooka, ng'ang'ana nayo hiyo hiyo."

Moyo paa! Mchepuo! Neno lile lile la kwenye fomu! Mtoto katoka darasa la kwanza mpaka kidato cha nne kwenye lami tupu, hata pancha hajapata, leo wanataka kumchepusha!

Nimerudi na basi la mwisho. Njia nzima nilikuwa naziona zile nyanya.

Jumatano, 3 Agosti. Kilosa.

Asubuhi stesheni. Mzee Onesphory alikuwa kwenye benchi lake. Alikuwa karani wa stesheni. Yeye kastaafishwa mapema, kofia ya reli bado. Tulikaa dawati moja, mimi na huyu. Yeye akaendelea na shule, mimi sikuendelea. Miaka thelathini na moja salamu yake ni ile ile: "Wensi, habari za masomo?"

Leo kaanza na binti yake Goodhope. Amechagua PCB, atakuwa daktari, wazee wote wa Kilosa watatibiwa na Goodhope. Nikasema wangu anachukua PCM, na EGM, na nyingine zote zitakazobaki. Akataka nimtajie PCM maana yake. Siku tatu nimeishi na fomu ile, lakini mbele ya Onesphory kichwa kikawa cheupe. Nikasema P Polisi, C Cheo, M Meneja. Akakohoa muda mrefu.

Hata hivyo nilimwonea huruma. Nikamwambia kwa siri kwamba amemtupa binti kwenye mchepuo, na mchepuo nimeuona kwa macho yangu, una nyani. Akacheka mpaka kofia ikaangukia relini. Hakusema anacheka nini. Wivu! Nikamwacha anashuka kuifuata kofia.

Nimefika nyumbani, Hildegarda yuko shule. Nimechukua biro nyekundu. Kwenye kisanduku cha MCHEPUO nimeandika, kwa mwandiko ule uliokuwa unasifiwa mwaka 1963:

*Mtoto huyu hataki mchepuo. Aende moja kwa moja.*

Nikatia sahihi. Nikagonga na muhuri wangu, ule niliouchonga mwenyewe kwenye kandambili. Umetoka vizuri, tai anaonekana, ingawa Onesphory husema ni kuku.

Nilipogonga nilisikia raha nisiyoijua. Kama mtu aliyefunga mlango jioni, na wote wako ndani.

Alhamisi, 4 Agosti. Kilosa.

Kasoma.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, nimewahi kubembeleza watu wengi. Alikaa tu kwenye kigoda, fomu mapajani, chai ikapoa. Halafu akauliza polepole: Mjomba, moja kwa moja ni wapi?

Nikasema ni mbele.

Akanieleza. Kumbe kwa watu wa shule mchepuo si ule. Wote mnasoma masomo yale yale mpaka kidato cha nne, halafu kila mmoja anachepukia matatu yake. Asiyekuwa na mchepuo hana kidato cha tano. Akasema, "Lami inaishia hapa, Mjomba. Mbele ni michepuo mitupu."

Nikavaa kaunda suti. Nikaenda shuleni kabla hawajaniita, maana aitwaye huwa mkosaji.

Mwalimu Tumwagile, mwalimu wa Hisabati, mtu wa Mbeya, kanisalimu vizuri, shikamoo mzee. Marahaba, nikaivuta kidogo. Akaitazama fomu. Akautazama muhuri. Akaniuliza huyu ni kuku wa nini. Kisha akaacha mzaha. Akasema hajawahi kufundisha binti anayeshika hesabu kama Hildegarda, na kwamba kwa mstari huu mmoja wa wino mwekundu nimemwandikia arudi nyumbani. Akataka kujua kwa nini.

Nikaanza na tembo. Akasema, "Baba, sina nafasi ya tembo."

Njia ni moja tu. Mlezi aandike barua kwa mkono wake, aseme sababu ya kufuta aliyoyaandika, na shahidi anayemfahamu siku nyingi aweke sahihi. Ifike kesho kabla ya saa sita. Sababu iwe ya kweli, maana mkuu wa shule atamhoji shahidi.

Alikuwa na kipindi, akaniambia nimsubiri nyuma ya darasa aniandikie mfano wa barua. Nikakaa kwenye dawati. Magoti hayakuingia. Chaki, vumbi la chaki, ile harufu. Wote wameinama, kalamu zinakwenda kwa pamoja kama mvua ya manyunyu. Hildegarda mstari wa mbele, shingo imeinama. Nje treni ikapiga honi. Nilishika ukingo wa dawati kwa mikono miwili. Kama kengele ingelia na mtu akasahau kunitoa, ningebaki.

Mwalimu akaja na mfano wa barua. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni chaki.

Ijumaa, 5 Agosti. Kilosa.

Shahidi. Nimewaza Kilosa nzima. Anayenifahamu siku nyingi na mkuu wa shule anamwamini ni mmoja. Mungu ana utani.

Saa mbili asubuhi, stesheni. Hildegarda kasimama pembeni na sare zake, anasubiri barua aikimbize. Nikampa Onesphory ya kwanza: fomu ilinyakuliwa na nyani. Akairudisha. Ya pili: niliandika nikiwa na malaria kali, digrii arobaini na tisa. Akasema hapo ungekuwa marehemu. Ya tatu ilikuwa na ukurasa mzima wa historia ya reli. Akachomoa kalamu yake, akaionyesha, akairudisha mfukoni. Akasema, "Andika ukweli, Wensi. Au tafuta shahidi wa uongo, wako wengi sokoni."

Nilikaa. Gari moshi la mizigo likapita. Hildegarda alikuwa anatazama saa ya stesheni, nami nikaiona shingo ile ile ya jana.

Nikaandika: *Sikujua maana ya neno.*

Maneno manne. Koti la Ulaya ni jepesi kuliko hayo.

Onesphory akatia sahihi. Hakucheka. Akasema alidhani juzi natania, angejua angenieleza. Akamwambia Hildegarda kimbia, mwanangu. Halafu, mtoto kabla hajageuka, akasema kwa sauti ndogo kwamba hata lile swali la treni, kwa mtoto wa reli, nililijibu vizuri tu.

Hildegarda akakimbia. Barua imepokelewa saa tatu na nusu. Nyekundu imekatwa, pembeni mwalimu kaandika PCM, mkuu kagonga muhuri. Muhuri halisi. Mdogo kuliko wangu.

Jioni kauliza: Mjomba, swali gani la treni?

Nikamwambia. Hakuna tembo. Hakuna maji. Mtihani wa darasa la nane, 1963. Treni inatoka stesheni A, maili thelathini kwa saa. Nyingine inatoka stesheni B muda huo huo, inaijia, maili ishirini kwa saa. Kati yao maili mia moja. Zitakutana baada ya muda gani? Babangu kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za treni, pale pale stesheni. Nimekua naona hofu yake. Nikaandika: *Hazikutani. Reli ni moja. Zikikutana ni ajali. A ampigie simu B.* Nikaweka kalamu chini. Nikatoka nje wa kwanza, nafurahi, kwamba nimeokoa watu.

Hildegarda hakucheka. Akachukua mkaa akachora mstari sakafuni, A huku, B kule. Akasema kila saa zinakaribiana maili hamsini. Basi zinakutana kwa saa mbili.

Nikauliza, ya asubuhi au ya usiku?

Akasema, masaa mawili, Mjomba. Ya mwendo.

Masaa mawili! Miaka thelathini na moja nimesubiri masaa mawili! Kila honi ikilia nilikuwa nazihesabu, moja inakwenda, moja inakuja, na sikujua. Nikamuuliza na ajali je? Akasema, "Kwenye hesabu, Mjomba, reli huwa mbili hata kama hawajasema." Nikasema wangesema. Akasema kweli, wangesema.

Nimemzuia asifute mstari. Upo bado. Paka kalala kwenye B.

Jumapili, 7 Agosti. Kilosa.

Baada ya kanisa nimewaeleza watu watano jinsi nilivyotatua swali la treni kwa dakika moja, kwa mkaa, na jinsi nilivyomchagulia Hildegarda PCM dhidi ya ushauri wa wote. Onesphory alikuwepo. Kaniuliza habari za masomo. Nikasema nzuri sana, reli huwa mbili. Akavuta kofia, akaenda zake. Ushindi!

Hildegarda kaenda Malolo tangu jana kumsalimia mama yake, atarudi jioni. Adhuhuri mwanafunzi mmoja kaleta karatasi kutoka kwa Mwalimu Tumwagile. Nimeisoma mara tatu, taratibu, kama mtu aliyekwishafundishwa na dunia. Inasema wanaotaka PCM wataanza mazoezi ya Hisabati kesho alasiri. Hildegarda na nusu ya wenzake wamepangwa kuingia *Mkondo B*. Mzazi au mlezi atie sahihi, karatasi irudi kesho.

Mkondo!

Nimetoka mpaka darajani kuutazama mto. Watu wanasema Agosti maji ni machache. Machache ndiyo yanayodanganya. Mimi mwaka 1968 nilimwona ng'ombe mzima akipita hapo kwa kasi ya treni A. Mtoto hajui kuogelea. Na B, tena! Mkondo A umejaa, au una nini? Hawasemi.

Nilifikiria kumuuliza Onesphory. Nikajizuia. Kuuliza uliza ndiko kulikonichelewesha wiki nzima.

Biro nyekundu iko pale pale. Nimeandika:

*Mtoto huyu haingii mkondo wowote. Abaki nchi kavu, nyumbani, mpaka maji yapungue.*

Sahihi. Muhuri. Tai katoka safi. Nimeiweka karatasi juu ya kigoda chake aione akirudi, nikakoleza mkaa, nikachukua vifungo vyangu vya kushona.

Raha ile ile. Kama mlango uliofungwa jioni, na wote wako ndani.